Dafu na nazi kavu, kipi hutangulia kufika chini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, naishi Muheza, nina kijana wa kidato cha pili. Juzi mkwezi alikuwa anatuangulia nazi shambani, tukaanza kubishana. Mimi nasema dafu likiachiwa pamoja na nazi kavu kutoka juu ya mnazi, dafu ndilo litatangulia kufika chini kwa sababu ni zito, limejaa maji. Yeye anasema vyote hufika pamoja, ndivyo walivyoandikiwa darasani. Nikamuuliza: si umesoma pia kwamba kitu kizito huvutwa na dunia kwa nguvu kubwa zaidi? Akasema ndiyo. Basi kwa nini kisitangulie? Hapo akakwama. Alipomuuliza mwalimu wake akaambiwa akariri hivyohivyo, mtihani unataka hivyo. Nani yuko sahihi? Na sisi tusio na maabara tutajuaje?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na jibu fupi. Kijana wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa sana. Wewe uko sahihi kwa sehemu ndogo ambayo jicho haliwezi kuiona, na nitakuonyesha ni ndogo kiasi gani. Na ile hoja yako iliyomkwamisha ni ya kweli kabisa: dunia hulivuta dafu kwa nguvu kubwa kuliko inavyoivuta nazi kavu. Kilichokosekana kwenye mabishano yenu ni upande wa pili wa habari hiyohiyo. Nguvu inayolivuta dafu ni kubwa, lakini na kazi inayoingoja ni kubwa vilevile.

Tuchukue namba. Tuseme dafu lina kilo 2 na nazi kavu pamoja na makumbi yake ina kilo 1. Hapa duniani kila kilo moja huvutwa kwa kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ya takriban newtoni 9.8 (newtoni ni kipimo cha kani). Kwa hiyo nazi inavutwa kwa newtoni 9.8 na dafu kwa newtoni 19.6, mara mbili kamili. Mpaka hapo wewe umeshinda. Sasa tuulize swali ambalo watu wengi hulisahau: kani hiyo inatakiwa kuharakisha mzigo wa kiasi gani? Kwa nazi, newtoni 9.8 zinaharakisha kilo 1. Kwa dafu, newtoni 19.6 zinaharakisha kilo 2. Gawanya kani kwa kilo, mara zote mbili unapata 9.8. Hiyo ndiyo inayoitwa mchapuko, yaani kasi inaongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Weka jiwe la kilo 50 mahali pa dafu, kani itapanda hadi newtoni 490, na ukigawanya kwa 50 unarudi palepale.

Mpeleke kijana akaangalie watu wa mikokoteni sokoni. Mkokoteni mtupu, mtu mmoja akiusukuma unaondoka mara moja. Upakie magunia hadi uzito wake uwe mara mbili: mtu yuleyule, kwa nguvu ileile, atauona unaondoka kwa kujivuta. Ili uondoke kwa wepesi ule wa mwanzo inabidi aongezeke mtu wa pili. Watu wawili kwa mzigo maradufu, mwendo unakuwa sawa na wa mtu mmoja kwa mzigo mmoja. Dunia inapolivuta dafu inafanya hivyo bila kuambiwa: mzigo ukiongezeka, na wasukumaji wanaongezeka kwa kipimo kilekile.

Huu ugumu wa kitu kuanza mwendo, kuongeza mwendo au kusimama unaitwa inesha, na kipimo chake ni tungamo, zile kilo. Uzito ni jambo jingine. Uzito ni kani, ni mvuto wa dunia juu ya kitu. Ukilipeleka dafu mwezini, tungamo lake linabaki kilo 2, lakini uzito wake unashuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Kule lingekuwa rahisi kulinyanyua. Lakini kulirusha mbele kwa kasi, au kulisimamisha likiwa linakujia usoni, kungetaka nguvu ileile ya hapa Muheza. Mizani ya mawe ya dukani, ile ya sahani mbili, inalinganisha tungamo na ingetoa jibu lilelile hata mwezini. Mizani ya springi inapima mvuto, na mwezini ingemdanganya muuzaji.

Nikae kidogo kwenye kani, kwa sababu naona chini ya swali lako kuna swali jingine ambalo hukulitamka. Wengi wetu tunaamini kimoyomoyo kwamba kani ndiyo inayoleta mwendo: kikisukumwa kinakwenda, kikiachwa kinasimama, na kikisukumwa kwa nguvu zaidi kinakwenda kwa kasi zaidi. Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliyajenga mawazo hayo yakawa mfumo mzima, na kwake ilikuwa wazi kwamba kizito huanguka kwa kasi kubwa kuliko chepesi. Macho yanamuunga mkono kila siku. Mkokoteni ukiuachia unasimama kweli.

Ila unasimama kwa sababu kitu kinausimamisha. Magurudumu yanasuguana na ekseli, matairi yanabonyea kwenye mchanga. Tia grisi, uusukume kwenye lami tambarare, utakwenda mbali zaidi kwa msukumo uleule. Punguza msuguano zaidi, mbali zaidi tena. Mwanasayansi Mwitaliano Galileo Galilei alifuata mstari huo hadi mwisho wake: msuguano ukiisha kabisa, hakuna sababu ya kitu kusimama. Mwingereza Isaac Newton akaliweka hilo kuwa la kwanza katika kanuni zake tatu za mwendo mwaka 1687. Kitu kilichotulia kitatulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ileile, mpaka kani iingilie. Kazi ya kani ni kubadilisha mwendo. Kitu kinaweza kuwa kinakwenda mbio na hakuna kani yoyote inayokisukuma.

Kijana akilishika hili moja, nusu ya fizikia ya kidato cha pili itakaa sawa. Dereva wa daladala akifunga breki ghafla, abiria wanaoyumba mbele hawasukumwi na mtu yeyote. Basi limepunguziwa mwendo, miili yao bado ina mwendo ule wa awali. Nazi inayoanguka nayo haihitaji kani ili iendelee kushuka. Kani ya dunia inafanya kazi ya kuiongezea kasi, sekunde kwa sekunde.

Kuna njia ya kulimaliza bishano lenu hata bila kupanda mnazi. Galileo aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1638. Tukubali kwanza kwamba wewe uko sahihi, dafu zito hushuka haraka na nazi nyepesi hushuka polepole. Sasa vifunge pamoja kwa kamba, uviachie. Nazi, kwa kuwa ni ya polepole, italivuta dafu nyuma, kwa hiyo mzigo wote utashuka polepole kuliko dafu likiwa peke yake. Lakini vikiwa vimefungwa pamoja ni mzigo mmoja wa kilo 3, mzito kuliko dafu, kwa hiyo unatakiwa kushuka haraka kuliko dafu. Wazo moja limetupa majibu mawili yanayopingana. Wazo la namna hiyo lazima lina kasoro, na njia pekee ya kuutoa huo mgongano ni kukubali kwamba vinashuka kwa pamoja. Mwambie kijana alisome hili mara mbili. Mimi kila nikilifundisha naona nyuso za wanafunzi zikibadilika, na nadhani ni kwa sababu hapa hakuna fomula ya kukariri.

Basi ile sehemu yako ndogo ya ushindi iko wapi? Iko kwenye hewa. Sote tunajua kuti kavu haliangukii kama nazi, linakuja linapepea. Hewa inazuia kila kitu kinachopita ndani yake, na kizuizi hicho kinategemea ukubwa wa kitu, umbo lake na kasi yake. Hakitegemei uzito. Dafu na nazi kavu zenye ukubwa unaokaribiana zinazuiwa na hewa kwa kani inayokaribiana. Lakini kwa nazi, kizuizi hicho kinakatwa kutoka kwenye newtoni 9.8, na kwa dafu kinakatwa kutoka kwenye 19.6. Nazi inapoteza sehemu kubwa zaidi ya mvuto wake, ndiyo maana dafu linatangulia.

Nimepiga hesabu kwa mnazi wa mita 15, nikachukua upana wa sentimeta 20 kwa vyote viwili na umbo linalokaribia mpira. Kama hewa isingekuwapo, vyote vingefika chini kwa sekunde 1.75. Hewa ikiwapo, dafu linatumia karibu 1.77 na nazi karibu 1.79. Tofauti ni sekunde 0.02. Dafu linapogusa ardhi, nazi imebakiza kama sentimeta 30 hivi. Vyote viwili vinashuka kwa kasi inayokaribia kilomita 60 kwa saa wakati huo, kwa hiyo jicho halioni pengo hilo, linasikia tu kishindo. (Na kasi hiyo ndiyo sababu ya kuwafukuza watoto chini ya mnazi mkwezi anapofanya kazi. Kilo 2 kwa kilomita 60 kwa saa zinaua.)

Linganisha sasa na vile ambavyo ingetokea kama uzito wenyewe ndio unaoamua kasi. Nazi yenye nusu ya uzito ingeshuka kwa nusu ya kasi: dafu likitumia sekunde 1.77, nazi ingetumia zaidi ya 3.5. Lingeanguka dafu, mkaliangalia, mkaanza kusogea, ndipo nazi ifike. Hilo hakuna mtu aliyewahi kuliona. Ndivyo uchunguzi wa kisayansi unavyofanya kazi: kabla ya kupima, unauliza kila wazo linatabiri namba gani. Wazo la kwanza linatabiri pengo la karibu sekunde mbili, la pili linatabiri karibu sifuri. Pengo likiwa kubwa namna hiyo huhitaji kifaa cha gharama ili uamue. Simon Stevin na rafiki yake kule Delft, Uholanzi, walifanya hivyo na kuandika matokeo mwaka 1586: waliangusha mipira miwili ya risasi, mmoja mzito mara kumi ya mwenzake, kutoka urefu wa futi 30, na masikio yao yakasikia kishindo kimoja. (Ile hadithi maarufu ya Galileo kwenye mnara wa Pisa ilisimuliwa na mwanafunzi wake baada ya yeye kufa, na wanahistoria wengi wana shaka nayo.)

Hewa mnaweza kuitoa kwenye mchezo mkiwa sebuleni. Chukua karatasi mbili zinazofanana kutoka daftari moja. Moja iache tambarare, nyingine ifinyange iwe kidonge. Ziachie kwa pamoja. Uzito wao haujabadilika hata kidogo, lakini kidonge kinatangulia kwa mbali, kwa hiyo kilichoichelewesha ile nyingine hakiwezi kuwa wepesi wake. Kisha weka karatasi tambarare juu ya kitabu kipana kuliko hiyo karatasi, uachie kitabu. Karatasi itashuka nacho bila kubaki nyuma, maana kitabu kimeifungulia njia kwenye hewa.

Wanaanga wa Apollo 15, safari ya Wamarekani kwenda mwezini, waliipata njia safi zaidi. Tarehe 2 Agosti 1971 David Scott alisimama juu ya mwezi mbele ya kamera, mkono mmoja una nyundo ya takriban kilo 1.3, mwingine una unyoya wa kozi, ndege mwindaji, wa gramu 30 hivi. Mwezini hakuna hewa. Akaviachia, vikashuka taratibu, kwa sababu mvuto wa kule ni mdogo, na vikagusa vumbi pamoja. Video yake ipo kwenye intaneti. Muitazame.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo ndilo ninalolithamini zaidi: mtajuaje wenyewe. Ukitaka kupima kwa saa ya simu muda wa jiwe kuanguka kutoka mita 2, utapata shida. Jiwe linatumia sekunde 0.64 tu, na kidole cha binadamu kinachelewa karibu sekunde 0.2 kubonyeza. Theluthi nzima ya kipimo imeliwa na kidole. Galileo, ambaye hakuwa hata na saa ya sekunde, aliukwepa ugumu huu kwa kuupunguza mwendo kasi. Aliviringisha mpira wa shaba nyeusi kwenye mfereji uliochongwa kwenye ubao ulioinamishwa kidogo, na muda aliupima kwa kupima uzito wa maji yaliyovuja kutoka kwenye chombo wakati mpira ukishuka. Akagundua kwamba kwa muda maradufu mpira unakwenda umbali mara nne, kwa muda mara tatu umbali mara tisa. Mnaweza kufanya hivyo kwa gololi na bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Lakini kwa swali lenu mahususi, la kizito na chepesi, kuna jaribio zuri zaidi, na ndilo alilolitumia Newton mwenyewe. Ni pendulumu, kitu kinachobembea kwenye uzi.

Tafuteni chupa mbili tupu za maji za nusu lita, za aina moja. Moja ijazeni mchanga mkavu hadi juu, nyingine mchele hadi juu. Ya mchanga itakuwa na uzito unaokaribia maradufu ya ile ya mchele. Ni muhimu zijae zote mbili, ili kitovu cha uzito kiwe mahali pamoja, katikati ya chupa. Fungeni kila moja shingoni kwa uzi imara wa katani (na kwenu Tanga katani haijawahi kuwa tatizo), mzitundike kwenye boriti, kiasi kwamba kutoka mahali uzi unapoanza kubembea hadi katikati ya chupa pawe na mita 1 kamili.

Hapa muwe makini, maana jaribio linaharibikia hapa. Pimeni urefu baada ya kutundika, wala si kabla, kwa sababu chupa ya mchanga itaunyoosha uzi na fundo litakaza. Sentimeta 1 ikizidi upande mmoja, muda wa kubembea mara 20, kwenda na kurudi, utabadilika kwa sekunde 0.2, nanyi mtadhani mmegundua kitu kuhusu uzito kumbe mmepima uzembe wa fundo. Pale juu msiufunge uzi kwa kuuzungusha kwenye boriti la mviringo, kwa sababu utakuwa unajikunja na kujikunjua unapobembea, na urefu hautabaki mmoja. Ubaneni katikati ya vipande viwili vya ubao.

Ivuteni chupa pembeni kidogo, kama sentimeta 10, muiachie bila kuisukuma. Hesabuni kwenda na kurudi kuwa mzunguko mmoja. Anzeni kuhesabu kwa kusema sifuri inapopita katikati, si moja, kosa ambalo hata wanafunzi wa chuo hulifanya. Pimeni muda wa mizunguko 20, mgawanye kwa 20. Uchelewaji wa kidole nao umegawanywa kwa 20, umebaki sekunde 0.01. Rudieni mara kadhaa kwa kila chupa, na namba zote ziandikwe, hata ile inayoonekana mbaya. Kijana asifute.

Mtabiri nini? Kama mvuto mkubwa wa mchanga ungeleta mwendo wa haraka bila tungamo lake kupinga, chupa ya mchele ikitumia sekunde 40 kwa mizunguko 20, ya mchanga ingetumia karibu 28. Kama kani na inesha vinakwenda sambamba, zote zitakuwa karibu 40, na tofauti mtakayoiona itakuwa ndogo, inayolingana na ile mnayoipata mkirudia chupa moja. Hicho ndicho kipimo cha kweli: kabla ya kusema chupa mbili zimetofautiana, tazama kwanza chupa moja inatofautiana na yenyewe kwa kiasi gani.

Mkimaliza mtaweza kupima mvuto wa dunia nyumbani kwenu. Zidisheni urefu kwa mita mara 39.5, mgawanye kwa muda wa mzunguko mmoja uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mkipata kwa mfano sekunde 40.2 kwa mizunguko 20, mzunguko mmoja ni 2.01, ukijizidisha ni 4.04, na 39.5 kwa 4.04 ni 9.78. Vitabu vya shule huandika 9.8, lakini namba hii haiko sawa kila mahali. Karibu na Ikweta, usawa wa bahari, ni 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Mfaransa Jean Richer aliligusa jambo hili mwaka 1672. Alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta kama sisi, na saa yake ya pendulumu iliyokuwa ikienda sawasawa Paris ikawa inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Ikabidi afupishe pendulumu kwa chini ya milimita 3. Kutoka kwenye milimita hizo watu wa wakati ule walipata ushahidi kwamba dunia si mviringo kamili, imetuna kiunoni.

Newton alifanya jaribio lenu kwa masanduku mawili ya mbao yaliyofanana, yaliyoning'inia kwenye nyuzi za futi 11. Moja alilijaza mbao, na kwenye la pili akatia dhahabu yenye uzito uleule mahali pake. Kisha akarudia kwa fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, maji na ngano. Yalibembea pamoja muda mrefu, na alisema tofauti ya hata sehemu moja kwa elfu angeiona. Yeye alitaka kujua kama aina ya kitu inabadilisha chochote, na jibu likawa hapana.

Kwa nini mvuto na inesha vilingane hivyo? Newton hakulieleza, alilikuta. Albert Einstein ndiye aliyelichukua kama jambo zito mwaka 1907, akajenga juu yake nadharia yake ya mvuto iliyokamilika 1915. Nalo bado linapimwa. Satelaiti ya Kifaransa iitwayo MICROSCOPE, iliyorushwa 2016, ililinganisha uangukaji wa platini na titani angani, na matokeo ya mwisho ya mwaka 2022 hayakuona tofauti yoyote hadi kiwango cha kama sehemu moja kwa milioni bilioni. Swali mliloligombania shambani lina watu wanaolipwa mishahara kulijibu mpaka leo.

Kuhusu mwalimu kumwambia akariri, simlaumu kwa haraka. Darasa lina wanafunzi wengi, silabasi ni ndefu. Lakini kijana asinyamaze. Hapo Lushoto, si mbali na kwenu, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba aitwaye Erasto Mpemba aliona mwaka 1963 kwamba maziwa yake yenye sukari, aliyoyatia kwenye friza yakiwa bado ya moto, yaliganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa kule Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akataka lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na katika hali zipi, kwa sababu kipimajoto kikisogea kidogo au chombo kikibadilika, matokeo yanabadilika. Mabishano hayo nayo ni sayansi. Mpemba aliona, akauliza, akarudia, akaandika, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Kwenye mtihani kijana aandike kwamba vitu vyote huanguka kwa mchapuko mmoja pale ukinzani wa hewa unapopuuzwa. Hayo maneno ya mwisho asiyaache, ndiyo yanayobeba sekunde zako 0.02. Na akishamaliza na chupa za mchanga na mchele, aache uzito, abadilishe urefu peke yake. Afupishe uzi hadi sentimeta 25, robo ya ule wa kwanza. Mizunguko 20 haitatumia sekunde 10, itatumia karibu 20. Ajaribu kunieleza kwa nini robo ya urefu inaleta nusu ya muda, akianza na zile namba za Galileo, umbali mara nne kwa muda maradufu. Jibu lake anitumie, nitalisoma.